Mbio Pekee Hazitoshi: Jinsi Mchezeshaji Kijana wa Mpira wa Vikapu Anavyoiva

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naongeza kwamba mgema akitukanwa kila siku, mwishowe huacha kupanda mnazi kabisa. Najua kwetu Magwagwa hatuna minazi, tuna majani chai na migomba tu, lakini mtanielewa mbele ya safari.

Mnakumbuka jinsi tulivyotolewa katika mashindano ya mpira wa vikapu muhula wa kwanza. Tulikuwa tukiongoza kwa pointi moja na zimebaki sekunde chache. Mpira ulikuwa mikononi mwa yule mdogo wetu ambaye nyote mnamjua kwa mbio zake, na ambaye jina lake sitalitaja hapa. Badala ya kutulia, akachomoka kama mshale kuelekea kikapuni, akawakuta watu watatu wanamngoja, mpira ukamponyoka, wapinzani wakauokota na kwenda kufunga. Kipenga kikalia. Katika safari ya kurudi shuleni hakuna aliyemsemesha. Kesho yake akabandikwa jina la “Breki”, eti kwa sababu hana breki. Nakiri mbele yenu kwamba mimi pia nililitumia jina hilo, tena nikacheka. Wiki iliyofuata jamaa alirudisha jezi kwa mwalimu wa michezo, akasema amechoka.

Tangu siku hiyo pamekuwa na ubishi bwenini. Wengine wanasema mchezaji wa nafasi ile huzaliwa na akili ya mchezo, na asipozaliwa nayo basi ni kazi bure. Wengine wanasema hufundishwa. Nikaona heri nichunguze jinsi vijana wenye mbio wanavyokuzwa huko kwenye ligi za kulipwa, ambako watu hula kwa jasho la mchezo huu. Niliyoyapata yalinishangaza, na pia yalinitia haya. Yasomeni nanyi mkapime.

MCHEZESHAJI NI NANI?

Mpira wa vikapu ulibuniwa na mwalimu mmoja, James Naismith, katika mji wa Springfield huko Marekani mwaka 1891. Kila upande huwa na wachezaji watano uwanjani. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na kikapu huwa juu mita 3.05. Timu ikipata mpira huwa na sekunde 24 za kutupa kikapuni, na kati ya hizo huwa na sekunde 8 tu za kuuvusha mpira katikati ya uwanja. Kwa hivyo lazima awepo mtu mmoja wa kuupandisha mpira haraka, kuwapanga wenzake na kuamua nani apewe, lini na wapi.

Mtu huyo ndiye sisi uwanjani tunamwita “pointi gadi” au “namba moja”. Katika makala haya nitamwita mchezeshaji. Nyinyi wanachama wa Chama cha Kiswahili mnaujua vizuri mnyambuliko huu: cheza, chezesha. Mchezaji hucheza, lakini mchezeshaji huwafanya wengine wacheze. Shikeni tofauti hiyo ndogo ya silabi moja, kwa sababu safari yote ya kijana mwenye mbio ni safari ya kutoka katika “kucheza” hadi kufika katika “kuchezesha”.

KWA NINI MBIO HUSALITI

Katika mashindano ya shule, kijana mwenye mbio ni kama mfalme. Akimpita mlinzi wake mmoja, amefika. Hana haja ya kujua kutupa kutoka mbali, wala kutumia mkono wa kushoto, wala kutazama wenzake. Mbio zake zinamfichia upungufu wake wote. Hapo ndipo hatari ilipo, maana mtu haoni sababu ya kujifunza kile ambacho bado hajakihitaji.

Akipanda ngazi, mambo hubadilika ghafla. Katika ligi za kulipwa kila mtu ana mbio. Zaidi ya hayo, walinzi wa huko ni wajanja. Wakijua kwamba huwezi kutupa kutoka mbali, hawakufuati. Wanarudi nyuma hatua mbili tatu na kukungojea karibu na kikapu. Sasa mbio zako unazipeleka wapi? Mbele yako kuna mlinzi aliyejipanga, na nyuma yake kuna jitu la zaidi ya mita mbili limeinua mikono.

Fikirieni bodaboda inayoteremka mlima wetu wa murram wakati mvua imenyesha. Pikipiki yenye nguvu nyingi si msaada kwa dereva asiyejua kushika breki. Dereva hodari hupunguza mwendo kabla ya kona, kisha huongeza akishaiona barabara. Mchezeshaji aliyeiva naye ni hivyo hivyo. Hakimbii kwa mwendo mmoja. Huenda polepole, mlinzi akalegea, halafu huchomoka. Kisha husimama ghafla, mlinzi akapitiliza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

KIJANA WA KINSHASA

Sisi wa Afrika Mashariki na Kati tumezoea kutoa majitu marefu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na timu ya Memphis Grizzlies mwaka 2009, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA ya Marekani. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa wa saba mwaka 2011. Jonathan Kuminga wa Goma, mji ambao watu wake huzungumza Kiswahili kama sisi, naye alichaguliwa wa saba mwaka 2021. Hao wote si wachezeshaji. Lakini katikati yao yupo Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, aliyechaguliwa pia wa saba mwaka 2015 na timu ya Denver Nuggets. Huyo ndiye mchezeshaji, na kisa chake ndicho kinachotuhusu zaidi.

Mudiay alizaliwa mwaka 1996. Familia yake iliikimbia vita ya Kongo akiwa mtoto mdogo, wakahamia jimbo la Texas huko Marekani. Akakua akawa kijana wa futi 6 na inchi 5, mwenye kifua na mbio zisizo za kawaida kwa mtu wa kimo hicho. Alipomaliza shule ya upili, vyuo vikuu vilimgombania. Yeye akaamua kwenda kucheza China mwaka 2014 katika timu ya Guangdong kwa mkataba wa dola milioni 1.2. Huko aliteguka kifundo cha mguu, akakosa sehemu kubwa ya msimu.

Mchezo wake wa kwanza katika NBA, Oktoba 2015, ni somo tosha. Timu yake iliishinda Houston, naye akapata pointi 17 na pasi 9 zilizozaa vikapu. Vizuri sana, au sivyo? Lakini katika mchezo huo huo alipoteza mpira mara 11! Hebu tafakari. Sisi hapa tumemtukana mwenzetu kwa kuupoteza mpira mara moja, na huyu aliyekuwa akilipwa mamilioni aliupoteza mara 11 usiku mmoja.

Je, kocha wake alimfukuza? La. Aliendelea kumchezesha. Msimu ule Mudiay alipata wastani wa pointi 12.8 na pasi 5.5 kila mchezo, akatiwa katika kikosi cha pili cha wachezaji wapya bora. Tatizo lake kubwa lilikuwa kutupa. Katika kila mitupo 100 aliyotupa, ni kama 36 tu iliyoingia. Walinzi wakagundua, wakamrudia nyuma, mbio zake zikakosa njia. Msimu wa pili nafasi yake ya kuanza mchezo ilichukuliwa na mzee Jameer Nelson, mtu mfupi aliyezidi umri wa miaka 30, asiye na mbio za Mudiay hata kidogo. Alichokuwa nacho Nelson ni utulivu na macho.

Februari 2018 Mudiay alipelekwa New York Knicks. Huko, katika msimu wa 2018-19, utupaji wake ulipanda hadi karibu vikapu 45 katika mitupo 100, na wastani wake ukafika pointi 14.8. Kumbe alikuwa anajifunza! Lakini saa ilikuwa imekwenda. Timu nyingi zilikwisha kumwona ni mtu wa kusubiriwa bila kufika. Baada ya msimu wa 2019-20 na Utah Jazz hakupata tena nafasi ya kudumu katika ligi hiyo.

Tujifunze nini hapo? Mudiay hakukosa kipaji, wala hakuwa mvivu. Alifika mahali pakubwa akiwa na mbio nyingi na mtupo mbichi, na mahali pale watu hawangoji sana. Mchezeshaji huchelewa kuiva kuliko wachezaji wengine. Jitu refu linaweza kuruka na kuokota mipira kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu kazi yake ni ya mwili zaidi. Kazi ya mchezeshaji ni ya kusoma, na kusoma huchukua miaka, kama sisi tunavyojua darasani.

MFARANSA ALIYEWEKWA BENCHI

Sasa tutazame aliyefaulu. Tony Parker alizaliwa Ubelgiji mwaka 1982 na kukulia Ufaransa. Baba yake alikuwa Mmarekani aliyecheza mpira wa vikapu Ulaya. Parker alikuwa mwembamba na mwepesi kama swala. Alipojaribiwa mara ya kwanza na timu ya San Antonio Spurs, alisukumwa na kuparazwa hadi kocha Gregg Popovich akaona hafai. Wasaidizi wake wakamsihi amtazame tena. Jaribio la pili likaenda vizuri, na mwaka 2001 Spurs wakamchukua akiwa wa 28. Kabla ya msimu kufika mbali, kijana wa miaka 19 alikuwa tayari anaanza mchezo.

Msidhani kwamba mambo yalinyooka kama rula. Popovich alikuwa mkali kwake kuliko kwa mtu yeyote. Katika fainali za mwaka 2003, Spurs walipocheza na New Jersey Nets, Parker aliondolewa dakika za mwisho na nafasi yake ikachukuliwa na Speedy Claxton. Timu ikatwaa ubingwa, naye akiwa ameketi benchi. Baada ya hapo timu yake mwenyewe ikajaribu kumsajili Jason Kidd, mchezeshaji mkubwa wa wakati ule, achukue nafasi yake! Kidd akaamua kubaki New Jersey. Wewe ungekuwa Parker ungefanya nini? Ungerudisha jezi?

Parker alirudi mazoezini. Mwaka 2005 Spurs walimwajiri mwalimu wa kutupa, Chip Engelland. Mwalimu huyo aliurekebisha mkono wa Parker, hata namna kidole gumba kinavyoushika mpira, na akamwambia aache kwanza mitupo ya mbali ya pointi tatu mpaka ile ya karibu ikae sawa. Angalieni hekima hiyo. Hakumwongezea kazi, alimpunguzia, ili ajue jambo moja vizuri kabla ya kugusa la pili. Msimu wa 2005-06 Parker alikuwa akiingiza karibu vikapu 55 katika kila mitupo 100, jambo adimu kwa mtu mfupi anayecheza kati ya majitu. Mwaka 2007 Spurs waliwashinda Cleveland 4-0 katika fainali, na Parker akatangazwa mchezaji bora wa fainali hizo, wa kwanza kutoka Ulaya. Kutoka kuchaguliwa kwake hadi siku hiyo ilipita miaka sita. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

HATA MABINGWA WALIKUWA NA KASORO

Huyo Jason Kidd aliyetaka kusajiliwa naye hakuzaliwa kamili. Alichaguliwa wa pili na Dallas Mavericks mwaka 1994, na akashiriki na Grant Hill tuzo ya mchezaji mpya bora wa msimu huo. Pasi zake zilikuwa kama za mtu mwenye macho kisogoni. Lakini kutupa? Msimu wake wa kwanza, katika mitupo 100 ya pointi tatu aliingiza 27 tu. Watani wakamwita “Ason”, yaani Jason bila herufi J, kwa maana herufi hiyo ndiyo huanza jina la mtupo wa kuruka kwa Kiingereza.

Mnaona? Naye alibandikwa jina. Lakini hakurudisha jezi. Aliendelea kutupa kila siku kwa miaka mingi. Umri ulipompunguzia mbio, mtupo wake ulikuwa umeiva. Msimu wa 2009-10 aliingiza zaidi ya 42 katika kila mitupo 100 ya pointi tatu. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 38, alitwaa ubingwa na Dallas. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa wa tatu katika historia yote ya NBA kwa wingi wa vikapu vya pointi tatu. Mtu aliyechekwa kwa kutojua kutupa!

Upo pia mfano wa kutia huzuni. Derrick Rose wa Chicago alichaguliwa wa kwanza mwaka 2008 na timu ya mji wake. Mbio zake na kuruka kwake vilikuwa kitu cha ajabu. Mwaka 2011, akiwa na miaka 22, alipewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima, kijana kuliko wote waliowahi kuipata. Lakini tarehe 28 Aprili 2012 alipokuwa akisimama ghafla na kuruka, kano ya goti lake la kushoto ilikatika. Msimu wote uliofuata hakucheza hata dakika moja. Aliporudi, goti la kulia nalo likaumia mwaka 2013.

Mwili unaokwenda kwa nguvu nyingi lazima ufundishwe pia kusimama na kutua. Rose hakukata tamaa. Alijifunza kutumia kichwa na mtupo pale ambapo miguu haikumtii tena, na tarehe 31 Oktoba 2018 aliwafunga Utah pointi 50, akalia machozi uwanjani. Hata hivyo hakurudi kuwa yule wa zamani. Kwa hivyo ukimwona mwalimu wa michezo anatulazimisha kunyoosha viungo na kufanya mazoezi ya kutua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa, usinung'unike. Anakulinda.

HAPA KWETU AFRIKA MASHARIKI

Msije mkadhani mambo haya ni ya Wazungu na Wamarekani tu. Kenya ilishika nafasi ya nne katika mashindano ya mataifa ya Afrika ya mwaka 1993 yaliyochezwa Nairobi. Kisha tukakaa nje ya mashindano hayo kwa miaka 28. Februari 2021 mjini Yaoundé, Kenya iliishinda Angola 74-73. Wakati huo Angola ilikuwa imekwisha kuwa bingwa wa Afrika mara 11! Kikapu cha ushindi kilitupwa na Tylor Ongwae wakati saa ikiisha. Sekunde zile zile ambazo mwenzetu alikimbia, Ongwae alitulia, akajitengenezea nafasi, akatupa. Ongwae si mchezeshaji kwa nafasi yake, lakini utulivu ule ndio ninaousema. Mwaka huo huo kule Kigali, Kenya ikiongozwa na kocha Liz Mills kutoka Australia, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo, iliifunga Mali.

Ligi ya Afrika ya mpira wa vikapu, iitwayo BAL, ilianza Kigali mwaka 2021. City Oilers ya Kampala iliingia mwaka 2023, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Maana yake ni kwamba sasa ipo ngazi ya kulipwa karibu nasi. Zamani kijana wa Kenya alikuwa hana budi kuvuka bahari.

Sudan Kusini nao ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Julai 2024 jijini London walikaribia kuiangusha Marekani, wakashindwa kwa pointi moja tu, 101-100. Siku chache baadaye, katika Olimpiki ya Paris, wakaishinda Puerto Rico 90-79. Mchezeshaji wao alikuwa Carlik Jones, Mmarekani aliyepewa uraia ili aichezee nchi hiyo. Alipomaliza chuo mwaka 2021 hakuna timu ya NBA iliyomchagua. Akaenda katika ligi ndogo ya NBA, akajinoa huko, na msimu wa 2022-23 akawa mchezaji bora wa ligi hiyo. Mudiay aliingia kwa mlango wa mbele na mapema, Jones akazunguka nyuma ya nyumba. Olimpiki ilipofika, Jones ndiye aliyekuwa ameiva.

Na wale wafupi mnaojidharau, jueni kwamba Muggsy Bogues alikuwa na kimo cha futi 5 na inchi 3, yaani mita 1.60 tu, na alicheza NBA misimu 14.

MAMBO MANNE YA KUJIFUNZA

Nimeyakusanya niliyoyasoma nikaona mafunzo ya mchezeshaji kijana yanajengwa juu ya nguzo nne. Zote zinawezekana hata katika kiwanja chetu cha udongo, ambacho mvua ya alasiri hukigeuza kuwa shamba la mpunga.

Kwanza ni macho. Mtu anayetazama mpira anaoudunda hawezi kuwaona wenzake. Zoezi lake ni rahisi: dunda mpira huku mwenzako amesimama mbele akikuonyesha vidole, nawe utaje idadi yake bila kuangalia chini. Anza na mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha ukikimbia. Yule asiyeweza mkono wa kushoto ana nusu ya uwanja tu.

Pili ni breki. Kimbia kwa kasi yako yote, kisha simama kwa miguu miwili bila kuyumba wala kuburura mguu. Rudia mara 20. Jifunze pia kubadilisha mwendo, polepole kisha haraka, haraka kisha polepole.

Tatu ni mtupo. Usianze kwa kutupa kutoka mbali ili usifiwe. Anza karibu na kikapu, kama Parker alivyoamriwa, na urudi nyuma hatua moja tu ukishaweza. Tupa mitupo 50 ya adhabu kila jioni, uandike katika daftari ngapi zimeingia. Daftari halidanganyi wala halina upendeleo.

Nne ni uamuzi, na hili ndilo gumu kuliko yote. Huko kwenye ligi kubwa mchezo hutegemea sana jambo moja. Mchezaji mrefu huja kusimama kama ukuta mbele ya mlinzi wa mchezeshaji. Mchezeshaji akipita ubavuni mwa ukuta huo, kwa nukta moja walinzi wawili huchanganyikiwa. Katika nukta hiyo anayo mambo manne ya kuchagua: kutupa mwenyewe, kupenya, kumpa yule mrefu anayekimbilia kikapuni, au kumrushia mwenzake aliyesimama pembeni peke yake. Jibu sahihi hubadilika kila mara kutegemea walinzi wamesimama vipi.

Hapa nawakumbusha kazi tunayoijua sote tangu utotoni. Mchumaji wa majani chai hachumi kila anachokiona. Huchuma majani mawili na chipukizi. Mtoto anapoanza huchuma ovyo, kapu likajaa magumu, na pale kituoni karani akayakataa. Baada ya misimu kadhaa mikono yenyewe hujua, wala hafikiri tena. Je, mama yake alimwambia asiguse tena chai kwa sababu kapu la kwanza lilikataliwa? Angefanya hivyo nani angelipa karo yetu?

Kwa hivyo uamuzi mzuri hutokana na makosa mengi yaliyosahihishwa. Mchezeshaji anayeogopa kupoteza mpira hataijaribu pasi ile ngumu, na asipoijaribu hataijua kamwe. Ndiyo maana makocha wa huko hukubali kulipa karo hiyo ya makosa kwa muda, ila humtazamisha kijana mchezo wake upya na kumuuliza, “Hapa uliona nini?” Sisi hatuna kanda za kutazama. Lakini tuna midomo. Tungeweza kumuuliza swali hilo badala ya kumpa jina.

TAMATI

Wasomaji wapenzi, sasa narudi pale nilipoanzia. Nilikaa nikaukumbuka upya mchezo ule wa muhula wa kwanza. Yule mdogo wetu alipoupata mpira, ni nani kati yetu aliyejitokeza kumpa njia ya kutoa pasi? Nilikuwa upande wa kulia. Nilisimama nyuma ya mlinzi wangu nikingoja kipenga cha mwisho. Hata angekuwa na macho ya Kidd asingeniona. Makosa yale yalikuwa ya watu watano, nasi tukambebesha mmoja, tena mdogo kuliko wote.

Sisemi kwamba atafika NBA au hata Nairobi City Thunder. Wanaofika huko ni wachache mno, na masomo yasiachwe kwa ajili ya mpira. Mguu huumia siku moja, elimu haiteguki. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya niliowataja aliyekuwa ameiva katika umri wake. Wote waliangusha mipira na wengine walibandikwa majina. Waliofika mbali walikuwa na mbio, na kando yao alikuwepo mtu wa kuwasahihisha bila kuwavunja moyo. Samaki mkunje angali mbichi, lakini ukimkunja kwa hasira atavunjika.

Jumamosi iliyopita nilimfuata karibu na tangi la maji, nikamwomba msamaha. Hakusema mengi. Aliniuliza tu kama mpira wa mazoezi umetiwa upepo. Jioni hiyo tulikuwa wawili kiwanjani, mimi nikionyesha vidole, yeye akidunda na kutaja idadi. Alikosea mara nyingi. Nami nilipojaribu, nilikosea zaidi yake.

Muhula wa kwanza unakuja. Wenzangu wa timu, tumwite kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Nanyi mashabiki, mpira ukimponyoka tena, kwa maana utamponyoka, mpigieni makofi ili aukimbilie.

Wasalamu.